Mkono wa Kushoto Nyuma ya Blanketi

Mshonaji bora niliyekutana naye katika kazi yangu yote hakuwahi kukanyaga ukumbi tuliokutania. Kwa karibu miaka mitatu tulipigia makofi kazi ya mikono yake, tukaisifu, tukaiiga, na sifa zote tukamkabidhi mtu mwingine. Siku nilipomgundua nilitangaza mbele ya kikundi kizima, nikiwa na furaha ya mtu aliyepata hesabu ngumu. Hilo ndilo kosa kubwa nililofanya kazini, na makosa mengine ninayo.

Nilistaafu mwezi uliopita. Ninyi mnaochukua madarasa yangu ya ushonaji Kitale na vikundi vyangu vya akina mama Bungoma mliniomba niandike ninachojua. Vyeo na mishahara sitavigusa. Hayo yako kwenye faili, na faili ina kumbukumbu nzuri kuliko yangu. Nitaanzia mwanzo, nikifika kwenye kosa hilo nitalieleza lote.

Nilifika Kitale asubuhi ya Jumatatu nikiwa na cheti kipya na viatu vipya, na vyote viwili vilinibana. Chuo cha ufundi kilikuwa na cherehani sita za kukanyaga. Moja ilishona. Mbili zilisubiri mkanda, moja ilisubiri sindano, na mbili zilikuwa zimewekewa makopo ya maua. Mkuu wa chuo alinionyesha darasa, akanionyesha choo, akaondoka.

Aliyenifundisha kazi ni Bi. Zainabu, mwalimu mwenzangu aliyeishi karibu na msikiti wa mjini. Alikuwa katika darasa lile tangu kabla mimi sijazaliwa, au ndivyo alivyopenda kusema. Alinipa vipande viwili vya kitambaa, sindano na uzi, akaniambia nishone mstari mmoja kwa mkono. Nilishona kwa madaha, nikamkabidhi.

"Pindua," akasema.

"Bi. Zainabu, upande wa kazi ndio huu."

"Huo nimeuona ukiwa unaushona. Pindua, mwanangu."

Nyuma kulikuwa na mafundo matatu, uzi uliorukaruka, na unywele wangu mmoja ulioshonewa ndani. Alichukua wembe, akafumua mstari wote, akanirudishia vipande. Tulifanya hivyo mara nne kabla ya saa ya chai. Tangu siku hiyo sijawahi kutazama kitu kilichoshonwa nikaanzia mbele. Mume wangu anasema nimewaaibisha wenyeji wengi kwa kupindua vitambaa vya makochi yao.

Bi. Zainabu alinifundisha pia kwamba kila mshono una mwenyewe. Urefu wa hatua, mahali fundo lilipofichwa, upande ambao uzi umeegemea: ukivijua hivyo, unaweza kupewa leso tatu zisizo na jina na ukataja nani alishona ipi. Yeye aliweza. Mimi ilinichukua miaka, na nilipoweza nilijivunia ujuzi huo kuliko cheti.

Kuhusu vifaa nitasema machache. Mkasi wa kitambaa haukati karatasi, hata kama anayeomba ni mkuu wako. Sindano ya kushonea mablanketi iwe fupi. Ndefu inapinda na inakupa kiburi. Subana, ile kofia ya chuma ya kidole, itakuudhi kwa wiki mbili, halafu siku ukiisahau nyumbani utaona afadhali urudi. Chaki ya fundi ihifadhiwe mbali na watoto na mbali na walimu wa hisabati.

Baada ya miaka kadhaa darasani nilianza kutumwa kwa vikundi vya nje. Nilianzia kwenye soko la mji mdogo uitwao Kwanza, kwa wake za wakulima wa mahindi, na huko ndiko nilikoanza kufundisha mablanketi ya vipande. Kwa asiyeyajua: unakusanya vitambaa vidogo, mabaki ya mafundi, leso iliyochakaa, shati la mtumba lililopasuka kwapani. Unavikata na kuviunganisha viwe upande wa juu. Chini unaweka kitambaa kizima, katikati kitu cha joto. Kisha unapitisha mishono midogo ya mkono katika matabaka yote matatu ili yasihame. Kukata ni kazi ya siku moja. Kushona kunaweza kuchukua kuanzia kupanda mahindi hadi kuvuna.

Blanketi letu la kwanza huko tuliliharibu kwa leso moja nyekundu. Niliuliza kama imelowekwa. Mwenye leso aliniapia, "Hii nimefua tangu harusi yangu, Madam, haina rangi ya kutoa tena." Ilikuwa nayo. Tulipolifua, blanketi zima likawa la waridi, na kikundi kikaliita bi harusi hadi lilipochakaa. Kwa hiyo loweka kila kitambaa chekundu katika maji ya chumvi, na usikubali kiapo cha mtu yeyote.

Kapsokwony nilikosea kwa namna nyingine. Kule mlimani baridi haina mzaha, nami nikaamua, nikiwa nimekaa ofisini Kitale, kwamba tabaka la kati liwe sponji ya godoro. Nilipandisha mzigo wa sponji kwa pikipiki kwenye ile miteremko, mvua ikatukuta njiani, na nilipofika mzigo ulikuwa na uzito wa ng'ombe. Ilichukua wiki kukauka. Mama mmoja mzee alijifunika blanketi la kwanza tulilomaliza, akajitazama, akasema, "Madam, hii umetuletea ni godoro la kuvaa." Wao walikuwa wakitumia masweta ya zamani tangu awali, yaliyofumuliwa na kutandazwa. Hakuna aliyenificha. Sikuwa nimeuliza.

Nilipohamishiwa Bungoma nilikuwa nimeshapata utaratibu. Kikundi kilikuwa na wanachama kumi na wanne, kikikutana kila Alhamisi katika ukumbi wa kanisa. Alhamisi ya mwisho ya mwezi ni siku ya kuonyesha. Kila mwenye kazi huileta ikiwa imekunjwa. Inatandazwa mezani kifudifudi, nasi tunatazama nyuma kwanza. Mwenye kazi hukaa kimya hadi kila mtu awe amesema lake, ndipo hujibu. Ugumu wa kunyamaza huko hamtaujua hadi siku yenu ifike. Nimeona mke wa naibu chifu akiuma leso.

Kanuni ya kwanza, iliyo ukurasa wa kwanza wa daftari, inasema unaonyesha ulichoshona mwenyewe. Niliiweka kwa sababu mwanzoni wengine walileta mablanketi waliyoshonewa na mafundi wa mjini. Mlinzi wa kanuni hiyo alikuwa mwenyekiti wetu, Mama Nekesa, muuzaji wa mitumba ambaye sijawahi kumwona akishindwa kwa maneno.

Mama Barasa alijiunga nasi akitoka Webuye. Alikuwa mpole, mwenye kuchelewa kidogo na kuomba msamaha sana. Ukumbini alishona polepole, mistari ikapinda kama ya wengine. Lakini kazi alizoleta siku za kuonyesha zilikuwa kitu kingine. Pembe nne za vipande vinne zilikutana kwenye nukta moja, safu baada ya safu, bila kuhama hata unene wa uzi. Wanawake walikuwa wakipitisha kucha kwenye maungio, wakitikisa kichwa.

"Umefanyaje hapa?" tulimuuliza muda wake wa kujibu ulipofika.

"Nilikaa nayo tu," alisema, kila mara maneno yale yale.

Niliandika daftarini: anashona vizuri zaidi nyumbani. Mtu mwenye busara angeishia hapo.

Siku yenyewe tulikuwa tukichagua blanketi moja la kupeleka kwenye maonyesho ya kilimo Kitale kwa niaba ya kikundi. Hapakuwa na ubishi. La Mama Barasa lilikuwa mbele mno. Lilitandazwa kifudifudi, nikainama na miwani yangu kutazama pindo, mahali ambapo mshono hauwezi kujificha. Uzi ulikuwa umeegemea upande usio wake. Nikafuata pindo lote, pande nne. Mafundo ya kuanzia yalikuwa upande wa kushoto, ya kumalizia kulia. Nikahisi damu ikinipanda kwa furaha.

"Mama Barasa," nikasema, kwa sauti ya darasani, "aliyeshona hapa ni mashoto. Wewe unatumia mkono wa kulia."

"Ati nini?" akauliza Mama Nekesa, akisukuma watu apate nafasi. "Hebu. Wapi?"

"Hapa. Na hapa. Sindano imetoka kushoto ikaenda kulia."

"Mama Barasa, si wewe ulituambia ulikaa nayo?"

Kwa utaratibu wetu Mama Barasa alipaswa kunyamaza. Angenyamaza, huenda ningepata akili ya kubadili mazungumzo. Lakini hakuwa mtu wa kudanganya akiulizwa moja kwa moja.

"Nilikaa nayo," akasema. "Nilikaa nikiangalia. Anayeshona ni Baba Barasa."

Kicheko kilianzia nyuma.

"Mzee wa kanisa? Na ile suti?"

"Bana, mwambie mimi niko na petikoti imefumuka!"

"Kwani anapika pia? Si utukopeshe kwa wiki moja tu!"

Lazima niwaeleze jambo ambalo kwa kijana wa mjini linaweza kuonekana la ajabu. Mwanamume akikanyaga cherehani kwenye veranda ya duka ni fundi, na atasalimiwa kwa heshima kutoka Kitale hadi Webuye. Akishika sindano kwa mkono, nyumbani kwake, akaunganisha vipande vya leso, anakuwa hadithi. Nililijua hilo vizuri. Dakika ile sikulifikiria.

Mama Barasa alilikunja blanketi mara nne, pembe kwa pembe, akalitia kwenye begi lake, akatoka. Hakulia. Ningependa angelia, ningejua la kufanya.

Jumatatu asubuhi nilimkuta kwenye benchi nje ya ofisi yangu. Alikuwa na kopo la majani ya chai mapajani. Ndani mlikuwa na sindano, subana iliyolika kwa kuvaliwa, na uzi uliobaki.

"Amesema nikurudishie, Madam."

"Si vyangu, Mama Barasa. Ni vyake."

"Amesema hataki kuviona kwa nyumba." Akaliweka kopo mezani. "Wacha nikuambie kitu. Huyu mtu alifanya kazi kiwandani tangu tuoane. Waliposimamishwa, alikaa miaka miwili akiangalia ukuta. Sikudanganyi. Anaamka, anavaa shati, anafunga kifungo mpaka juu, anakaa, anaangalia ukuta. Sindano ndiyo ilimtoa hapo. Sasa tangu Ijumaa amerudi kwa kiti." Alinitazama, na upole wake wote haukuwepo. "Wewe ndiye uliona mkono wake. Sasa nisaidie, utafanya nini?"

Nilivuta kopo upande wangu. Nilimwambia nitakuja.

Nilikwenda Webuye siku iliyofuata na kopo mkononi na blanketi langu mwenyewe chini ya kwapa, moja ambalo sikuwa nimelimaliza kwa mwaka mzima. Baba Barasa alinifungulia mlango. Mtu mrefu, mkavu, shati limefungwa hadi shingoni kama nilivyoambiwa.

"Karibu Madam. Umekuja peke yako, ama wenye kucheka wanafuata?"

"Peke yangu, Mzee."

"Basi keti."

Nilikaa, nikaangalia, maana hiyo ndiyo tabia yangu. Kando ya dirisha palikuwa na misumari, na kwenye kila msumari vipimo vya boksi gumu, vile vipande unavyowekea kitambaa na kuchora kwa chaki kabla ya kukata. Vilipangwa kwa ukubwa, na kila kimoja kiliandikwa urefu wake kwa penseli. Mimi nimefundisha ushonaji maisha yangu yote na sijawahi kuwa na vipimo vilivyokatwa vizuri namna ile. Ukingo wake ulikuwa kama wa kadi ya benki.

"Kiwandani ulikuwa upande gani?" nikauliza.

"Kukata. Karatasi ikitoka kwa rola, mimi na mashine yangu tunaikata. Mstari ukikimbia hapa mwanzo, mzigo wote unarudi." Alinyoosha kidole kuelekea jikoni, alikokuwa mkewe. "Huyo alivimba mkono, na alikuwa na kazi ya kuonyesha. Akaniambia nimshikie tu. Nikashika. Kushika ikawa kushona."

"Nilikosea, Mzee. Ningekuja hapa kwanza nikakuuliza wewe."

"Ungeniuliza, ningekataa."

"Basi ningenyamaza."

"Unajua wananiitaje kanisani? Wazee wenzangu? Mama Barasa Mdogo. Juzi tumemaliza kikao, mmoja anasema, 'Mama Barasa Mdogo atufungie na maombi.'"

Nawaambia ukweli: nilitaka kucheka, na yeye aliona. Kona ya mdomo wake ikasogea kidogo. Kutoka jikoni tulisikia kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

"Ulifunga?" nikauliza.

"Nilifunga. Nikawaombea wote kwa majina."

Nikafungua blanketi langu, nikalitandaza kwenye meza ndogo, nikamwomba anitazamie. Alikataa. Kisha akasema mwanga hautoshi. Kisha akasema kwamba hata bila mwanga ile safu ya tatu imekimbia, na kwamba nilikata vipande kwa vipimo viwili tofauti, jambo ambalo lilikuwa kweli na ambalo nilikuwa nimelificha kwa mwaka mzima. Lakini sindano hakushika. Nilipoondoka niliacha kopo kwenye kiti. Mama Barasa aliniambia baadaye kwamba mumewe alilihamishia juu ya kabati, wala hakulifungua.

Alhamisi iliyofuata niliomba kikundi msamaha kwa kuvunja utaratibu wetu. Nilisema mwenye kazi huulizwa, hatangazwi. Nilitegemea Mama Nekesa apendekeze Mama Barasa aondolewe, kwa sababu kanuni ilikuwa upande wake. Alisimama na daftari.

"Mimi nilicheka sana," akasema, "na hiyo mniandikie. Lakini nimesoma sheria. Inasema mtu aonyeshe ameshona mwenyewe. Haisemi mtu huyo ni mwanamke. Kwa hivyo Mama Barasa alivunja sheria, tumemsamehe, alete yake. Na Baba Barasa alete yake. Akae pale, anyamaze kama sisi, tumpindulie."

"Na mwanamume akikaa hapa tutaongea nini?" mtu akauliza.

"Mtaongea mablanketi. Kwa mara ya kwanza."

Walipiga kura kwa kuinua mikono, wote kumi na watatu, na Mama Barasa akiangalia sakafu. Niliandika barua ya mwaliko na kumpelekea Baba Barasa kwa mkono wangu. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa shati, akashukuru. Hakusema atakuja wala hatakuja. Blanketi halikwenda Kitale. Fomu ya maonyesho ilitaka jina la mshonaji, na Mama Nekesa alikataa kuandika jina ambalo mwenyewe hajaliruhusu. Nilimuunga mkono. Tulipeleka blanketi lingine, likatazamwa kwa adabu.

Siku mbili za kuonyesha zikapita. Ile ya tatu ilikuwa ya mwisho kwangu. Mama Barasa aliwahi, kwa mara ya kwanza nijuavyo, akatandaza blanketi alilolishona kwa mkono wake wa kulia. Pembe nyingi zilikimbia. Tulimwambia hivyo, mmoja baada ya mwingine, naye akanyamaza hadi zamu yake, kisha akatujibu kwa sauti ambayo sikujua anayo. Alisema zilikimbia kwa sababu alizishona mbele ya mtu aliyekuwa akiguna kila akikosea.

"Anaguna?" nikauliza. "Anasema nini?"

"Anaguna tu, Madam. Lakini kiti amekigeuza. Haangalii ukuta."

Halafu akatoa kifurushi kilichofungwa kwa uzi. Vilikuwa vipimo vya boksi, vya mraba, vipya, saizi moja, vimekatwa kiasi kwamba ukivipanga huoni kama ni vingi. Hakukuwa na barua. Mama Nekesa alivigawa, kimoja kwa kila mwanachama. Kila mtu alipopata chake, kimoja kilibaki mkononi mwake. Akahesabu watu. Kumi na wanne, na hakuna aliyekosa kuja. Akahesabu tena vipimo kwa kuwaomba wote waviinue juu.

"Yeye hakosei hesabu," akasema Mama Nekesa. "Au anakosea?"

"Hajawahi," akajibu Mama Barasa.

"Basi hiki cha kumi na tano ni cha nani? Madam si mwanachama, na leo anatuaga."

"Nilimuuliza asubuhi akivifunga. Aliniambia chai yangu inapoa."